Fedha na Jirani Zake: Tutazame Ndani ya Fuwele

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya walimu wa kemia, wanafunzi, wafamasia na mafundi wa maabara, kisha ikaandikwa kwa ajili ya wasomaji.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazee wetu wa Mji wa Kale mliokubali kuja kusikiliza kemia baada ya Alasiri: asalaam alaykum, na wengine wote hamjambo.

Nina dai moja jioni hii na nitalitetea mpaka mwisho. Darasani tunafundisha fedha, ile metali ya bangili, kwa fomula. Mwanafunzi akishaandika AgNO3 na AgCl, akasawazisha mlingano, tunampa alama zake tukasonga mbele. Kwa metali nyingi hapo hapana hasara kubwa. Kwa fedha ipo, kwa sababu ayoni ya fedha, yaani atomu yake iliyopoteza elektroni ikawa na chaji, haina umbo lake maalumu. Umbo hulipata kutoka kwa jirani zake: ni atomu gani zimekaa kando yake, ni ngapi, na ziko umbali gani. Badilisha jirani, na rangi itabadilika, kuyeyuka kutabadilika, kupitisha umeme kutabadilika, na hata dawa inaweza kugeuka kutoka kutibu hadi kudhuru. Jirani hizo fomula haizionyeshi. Fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, ndiyo inayozionyesha.

Tuanze na kitu cha mkononi. Hapa mezani pana gilasi ya maji ya kisima, yametekwa hapa hapa kisiwani. Mkaazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa ladha yake. Bahari iko karibu na chumvi imeingia. Mwanafunzi wangu anatia matone machache ya nitrati ya fedha. Mnaona wenyewe: maji yaliyokuwa maangavu yamepata wingu jeupe zito. Hiyo ni kloridi ya fedha. Kwa njia hiyo hiyo maabara za maji hupima kiasi cha kloridi, na aliyeieleza ni Karl Friedrich Mohr mwaka 1856: unadondosha nitrati ya fedha polepole kwenye maji yaliyotiwa kromati ya potasiamu kidogo, na kloridi inapokwisha, rangi nyekundu ya matofali inatokea.

Sasa anatia amonia. Wingu limetoweka. Haya, iodidi ya potasiamu kidogo. Wingu limerudi, safari hii la manjano, na amonia yote iliyomo ndani ya gilasi haiwezi kuliondoa. Fedha ni ile ile. Kwa dakika chache tu imekaa na klorini, ikahamia kwa naitrojeni ya amonia, ikaishia kwa iodini.

Turudi kwenye lile wingu jeupe. Kloridi ya fedha imepangwa vilevile kama chumvi ya mezani. Kila ayoni ya metali imezungukwa na kloridi 6: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kila kloridi nayo imezungukwa na ayoni 6 za metali. Mpangilio ni mmoja, lakini lita moja ya maji inayeyusha zaidi ya gramu 350 za chumvi ya mezani, na kwa kloridi ya fedha haifikishi hata miligramu 2. Kwa nini?

Tazameni vipimo. Kwenye majedwali, ayoni ya fedha yenye jirani 6 ina nusukipenyo cha pikomita 115. Ya sodiamu ina pikomita 102. Pikomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya mita. Fedha basi ni kubwa zaidi, na mtu angetarajia iwe mbali zaidi na klorini. Fuwele inasema kinyume. Kutoka sodiamu hadi klorini ni pikomita 282, na kutoka fedha hadi klorini ni 277. Ayoni kubwa ndiyo iliyosogea karibu! Hesabu hii naipenda kuliko zote katika somo hili. Inaandikwa ubaoni kwa mistari miwili, na mwanafunzi anajionea mwenyewe kwamba maelezo ya chanya kuvuta hasi hayatoshi. Sodiamu na kloridi zinashikana kwa chaji peke yake, au karibu na hivyo. Fedha na kloridi zinavutana kwa chaji, na juu ya hapo zinashirikiana elektroni. Elektroni za kloridi zinavutwa kuelekea fedha, zinakaa kiasi katikati ya hizo mbili, na muungano unakaza kiasi kwamba maji hayauvunji.

Ushirikiano huo unatoka wapi? Fedha ni elementi ya 47. Ikipoteza elektroni moja inabaki na 46, na ganda lake la 4d, moja ya matabaka ya elektroni, lina elektroni 10, yaani limejaa. Nikeli, kobalti na shaba yenye chaji mbili zina ganda la d lenye pengo, na pengo hilo lina upendeleo: linataka jirani wakae pembe hizi, zile hazitaki. Alfred Werner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kuonyesha kwamba jirani za metali zimepangwa kwa umbo angani, alijenga hoja zake zaidi kwa kobalti, metali iliyotulia na umbo lake. Ayoni ya fedha isingemfaa kwa kazi ile, maana ganda lililojaa halichagui pembe. Juu ya ganda hilo pana obiti tupu za 5s na 5p, yaani nafasi za kukaa elektroni, tayari kupokea jozi ya elektroni kutoka kwa ligandi, yaani atomu au molekuli yenye jozi ya kutoa.

Hata hivyo fedha ina mazoea. Leslie Orgel alieleza mwaka 1958 kwamba obiti za 4d na 5s zikichanganyika kidogo, elektroni za metali hujitenga na ncha mbili zinazotazamana, na ligandi mbili huingia hapo bila kusukumwa. Ndiyo maana mara nyingi tunaikuta fedha na jirani 2 kwenye mstari ulionyooka. Lakini mazoea si sheria. Jirani 3 zipo, 4 ni za kawaida, 6 mmeziona sasa hivi, na fuwele zenye 8 zimepatikana.

Amonia inafuata mazoea hayo. Fedha iko katikati, naitrojeni moja upande huu na nyingine upande wa pili, kila moja kiasi cha pikomita 210 kutoka kwenye fedha. Ayoni hiyo inayeyuka majini, na kwa hiyo wingu letu liliondoka. Ndiyo iliyomo ndani ya kimiminika cha Tollens, kile kinachoacha kioo kizuri cha fedha ndani ya testitubu ukikitia glukosi na kukipasha moto kidogo. Walimu, nawaomba kwa moyo wote: kimiminika hicho kitengenezwe siku ile ile ya somo na kimwagwe siku ile ile, baada ya kutiwa asidi. Kikiachwa kinatengeneza mashapo meusi yanayolipuka kwa kuguswa tu. Hata chupa iliyosahauliwa juu ya rafu ni hatari.

Wazee mnakumbuka chumba cha giza cha studio za picha hapa mjini, taa nyekundu na harufu ya dawa. Picha ilipokwisha kutokea, fundi aliitumbukiza kwenye fiksa ili mwanga usiiharibu. Ndani ya fiksa mna thayosalfeti ya sodiamu, na John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha. Salfa ya thayosalfeti inaikamata fedha kwa nguvu kupita amonia: kipimo cha uthabiti wa ayoni ya amonia ni kiasi cha 10 kwa kipeo cha 7, na cha thayosalfeti kinafika kipeo cha 13. Sianidi inakwenda mpaka kipeo cha 20, na kwa sababu hiyo ndiyo inayotumika kupaka vyombo fedha kwa umeme. Ni sumu kali. Asiijaribu mtu nyumbani.

Nije kwenye lile wingu la manjano, iodidi ya fedha. Iodini ni kubwa, elektroni zake ni rahisi kuvutwa, na ushirikiano wake na fedha umezidi ule wa klorini. Mpangilio wa jirani 6 umeachwa. Katika joto la kawaida kila fedha ina iodini 4, na mpangilio huo uko karibu sana na ule wa barafu: umbali unaojirudia katika fuwele ya barafu ni pikomita 452, katika iodidi ya fedha ni 459. Bernard Vonnegut alitumia ukaribu huo mwaka 1946 akaonyesha kwamba vumbi la iodidi ya fedha linaweza kuanzisha barafu ndani ya mawingu, na hapo ndipo ilipotoka njia ya kuchochea mvua.

Lakini ipashe moto. Ikifika nyuzi 147 za Selsiasi, iodidi zinajipanga upya na fedha zinaachiliwa. Mtafiti Strock alipochunguza fuwele hiyo katika miaka ya 1930, alikuta kila kisanduku kidogo cha fuwele kina fedha 2 zenye nafasi 42 za kukaa. Anayetaka kupata picha yake asimame kivuko cha Likoni lango linapofunguliwa: nguzo hazitikisiki, na watu wanapita katikati yake kama maji. Fedha zinapita hivyo kati ya iodini, na kwa kuwa zina chaji, zinapitisha umeme ndani ya kitu kigumu karibu sawa na kimiminika. Tubandt na Lorenz waliligundua jambo hilo Ujerumani mwaka 1914. La ajabu ni kwamba iodidi ikiyeyuka kwenye nyuzi 558, umeme unapita kwa shida kidogo kuliko ilipokuwa ngumu. Fizikia ya betri za kisasa zisizo na kimiminika ndani ilianzia hapo.

Kina mama mnaojua vikuku na bangili za fedha mtaniuliza: na weusi je? Huo ni salfaidi ya fedha. Kwetu Mombasa haichelewi kuja. Ukipita ukingoni mwa mikoko ya Tudor maji yakiwa yamekupwa, utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye matope, na kidogo sana yatosha kuchafua bangili. Ndani ya fuwele ya salfaidi hiyo kuna fedha za aina mbili. Zingine zina salfa 2 za karibu, zingine zina 3. Fomula inasema Ag2S, kana kwamba fedha zote ni mamoja. Sonara mwenye busara hakwangui weusi huo, maana akiukwangua anaondoka na fedha yenyewe. Anaweka bangili juu ya karatasi ya aluminiamu ndani ya maji ya moto yenye magadi. Aluminiamu inatoa elektroni, salfa inaondoka, fedha inabaki pale pale ilipokuwa.

Sasa jambo ambalo wanakemia wamelijadili kwa miaka mingi. Ayoni mbili za fedha zote ni chanya. Kwa kila tulichofundishwa, zinapaswa kukimbiana. Lakini ukifungua maelfu ya fuwele za kampaundi changamano za fedha, yaani zile ambazo fedha imeshikwa na ligandi, unakuta fedha na fedha zimekaa pikomita 300 hivi, au chini ya hapo. Atomu mbili za fedha zisizo na uhusiano wowote zingekaa kiasi cha 344. Ndani ya metali yenyewe, ile ya bangili, ni 289. Basi ayoni hizi zimesogeleana karibu na kiwango cha metali. Martin Jansen alikusanya mifano mwaka 1987 akaonyesha kwamba jambo hili linajirudia mno kuwa bahati tu. Hesabu za nadharia zinasema elektroni za maganda yaliyojaa zinayumba kwa kuitikiana, na mvuto mdogo unatokea. Kwa dhahabu mvuto huo una nguvu zaidi.

Hapa nawasihi wanafunzi wa chuo wawe na tahadhari. Si kila fedha mbili zilizokaribiana zinavutana. Mara nyingi ligandi moja imeshika fedha mbili kwa mikono miwili na kuzibana. Ushahidi wenye uzito ni ule wa fuwele ambazo hakuna kitu kinachozifunga fedha pamoja, na bado zimesogeleana. Nimesoma makala nyingi zinazotangaza mvuto palipo na kubanwa tu, na nadhani haraka hiyo inalidhoofisha somo letu.

Tunayajuaje haya yote? Kwa eksirei. Max von Laue alionyesha mwaka 1912 kwamba eksirei zikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio. William Bragg na mwanawe Lawrence wakageuza madoa ya eksirei hizo kuwa ramani ya atomu, wakapata Nobel mwaka 1915, na kijana alikuwa na miaka 25. Mwaka 1916 Lars Vegard alitoa muundo wa fedha yenyewe. Eksirei hutawanywa na elektroni, na fedha ina 47, kwa hiyo kwenye ramani inang'aa kuliko wote. Haidrojeni yenye elektroni moja karibu haionekani kando yake. Ugumu uko kwenye kuikuza fuwele. Unaacha kimiminika kikauke polepole, bila kutikiswa, ndani ya kabati, chupa imezungushiwa karatasi ya aluminiamu. Mwanga ukiingia, fedha inageuka kuwa metali na fuwele inakuwa kijivu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nafikia sasa jambo lililonifanya nichague mada hii: dawa.

Mwaka 1965 Carl Moyer na wenzake nchini Marekani waliripoti kutibu majeraha ya moto kwa bandeji zilizoloweshwa nitrati ya fedha ya asilimia 0.5. Vijidudu walivizuia. Lakini kumbukeni gilasi yetu. Katika nitrati ya fedha majini, ayoni ya fedha iko huru, na majimaji ya jeraha yamejaa kloridi. Fedha ilishuka kama lile wingu jeupe, na maji mepesi ya bandeji yakafyonza chumvi kutoka kwa mgonjwa, hata madaktari wakalazimika kuchunga sodiamu na kloridi ya damu yake. Shuka, ngozi, mikono ya wauguzi, vyote vikawa vyeusi.

Mwaka 1968 Charles Fox alileta salfadayazini ya fedha, ile krimu nyeupe ya asilimia 1 ambayo wafamasia waliomo humu wanaijua vizuri. Ayoni ni ile ile. Jirani ndio waliobadilika. Fuwele yake ilichunguzwa katikati ya miaka ya 1970, ikaonekana kila fedha imeshikwa na naitrojeni za molekuli 3 tofauti za salfadayazini, na oksijeni nayo iko karibu. Kila salfadayazini nayo imeshika fedha zaidi ya moja. Ni mtandao usio na mwisho, molekuli kwa molekuli, na ndiyo maana krimu hiyo haiyeyuki ovyo. Jeraha linaumega mtandao pembeni, ayoni chache kwa wakati, na kinachofika kwa vijidudu ni fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Chumvi ya mgonjwa haiporwi. Hivi sasa tafiti zimeonyesha kwamba baadhi ya bandeji za kisasa zinaponya upesi zaidi ya krimu hiyo, na uamuzi ni wa daktari. Lakini tofauti kati ya 1965 na 1968 ni tofauti ya muundo, na mwanafunzi aliyejua fomula tu asingeiona.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema wazi kuhusu vichupa vya maji ya fedha vinavyouzwa mitandaoni, vikisifiwa kutibu kila ugonjwa kwa kunywa. Msinywe. Fedha ikiingia mwilini kwa wingi hutulia kwenye ngozi, na ngozi hubaki na rangi ya kijivu cha samawati isiyotoka. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 1999 kwamba bidhaa hizo hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na faida. Krimu iliyopakwa juu ya jeraha kwa maagizo ya daktari ni jambo lingine kabisa.

Najua mwalimu mmoja ameshaanza kunung'unika kwamba shule yake haina mashine ya eksirei. Haihitajiki kuanzia. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2014 kuwa mwaka wa kimataifa wa kristalografia, yaani elimu ya fuwele, na leo hazina ya wazi ya fuwele iitwayo Crystallography Open Database iko kwenye intaneti, bure, na programu ya Mercury ya kuzitazama ina toleo lisilo na malipo. Kompyuta moja ya shule yatosha.

Kwa hiyo nawapa kazi. Walimu wa sekondari, mnapofika kwenye miungano ya kikemikali, andikeni 282 na 277 ubaoni kabla ya kueleza chochote, kisha waacheni watoto wabishane. Wanafunzi wa chuo, tafuteni kwenye hazina hiyo faili za kampaundi changamano za fedha, zigeuzeni polepole kwenye skrini, mhesabu jirani za kila fedha na mpime umbali wa fedha hadi fedha. Mkiona chini ya 344, tafuteni kwanza kama kuna ligandi inayozibana, kisha njooni tuzungumze. Gilasi bado iko mezani na nitrati imebaki kidogo. Aliyekuja na maji ya kisima chake aje mbele tuyapime.